Tanga Mpaka Pemba Ni Dakika Ngapi

Chumbageni, Tanga
9 Januari 2025

Mdogo wangu Turkiya,

Salamu zikufikie huko Chake Chake, wewe na kuku wako na majirani zako wote, hata yule mwenye redio. Sisi huku wazima. Wifi yako Wafa goti linamsumbua, mdomo haujambo. Embe mwaka huu zimezaa mpaka mbuzi wanazipita. Mimi afya yangu ni ile ile. Juzi nimenyoosha rimu ya baiskeli iliyowashinda vijana watatu. Wakaniuliza, mzee, una miaka mingapi? Nikawaambia leteni ya pili kwanza, hesabu ya miaka baadaye. Ni sabini na tisa lakini sikuwaambia.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Wafa alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Cheti cha kisomo cha watu wazima ninacho tangu mwaka sabini na tano, nilikuwa wa pili darasa zima, na huyo wa kwanza alikuwa karani tayari, sijui alikuja kutafuta nini. Simu nimeirudisha kabatini. Kwenye simu mtu ananisemesha yuko kama ndani ya mtungi. Mwenye jambo na mimi aandike.

Na wewe umeandika. Lakini umeandikaje? "Kaka, njoo Pemba baada ya Idi, usikose." Basi. Unaumwa? Hukusema. Shamba limeingiliwa? Hukusema. Huwezi kumwita mzee avuke bahari kama unamwita aje kuonja mchuzi chumvi.

Pemba ni mbali, Turkiya. Si kwamba nashindwa. Mimi nimetoka Chumbageni na baiskeli mpaka Ushongo, cherehani nimeifunga nyuma, nikafika kabla ya adhuhuri na cherehani haikupoteza hata sindano. Muulize yeyote. Lakini ile ni nchi kavu, ukichoka unashuka. Baharini utashuka wapi?

Njoo wewe. Una miaka sitini na tatu tu, bado kijana.

Barua nampa Hosea wa bajaji. Yeye hupeleka abiria uwanja wa ndege, atatafuta mwenye uso wa uaminifu aibebe.

Ni mimi kaka yako wa pekee,
Nabhan


Chake Chake, Pemba
14 Januari 2025

Kaka yangu Nabhan,

Shikamoo. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, na herufi zako bado zinalala chali. Mpe Wafa salamu, nimemfungia mafuta ya karafuu ajichue goti, asikwambie kuwa yananuka. Karafuu zimekwisha kuanikwa. Taimur kapiga kutoka Maskati, mwanangu sasa kanenepa hata sauti. Kuku mwekundu kahamia kwa jirani mwenye redio.

Barua yako, kaka, imeruka angani dakika ishirini, kisha ikakaa siku tatu mfukoni mwa mtu. Hapo ndipo penye mbali.

Mimi hii mbali yako siijui. Kutoka uwanja wa Tanga mpaka uwanja wetu ni kilomita themanini na nne, na hizo nimekutilia na za ziada. Ndege ndogo ya watu kumi na wawili. Inaondoka inaelekea mashariki, inakata kusini kidogo, na ikipata upepo wa nyuma hata hizo ishirini hazitimii. Wewe Ushongo ulikwenda kwa saa ngapi? Tano? Basi kilomita za Pemba zinazidi chache tu zile za Ushongo, na cherehani hubebi.

Kuna nini, nitakwambia ukifika. Si ugonjwa, si shamba. Ni jambo la heri, na karatasi haiwezi kulibeba.

Mwaka 2014 alipofariki marehemu mume wangu nilikungoja hitimani. Ukaniambia nafasi zilijaa. Sikukuuliza neno. Safari hii nakuambia miezi mitatu kabla, kwa hiyo nafasi hazitajaa. Taimur ndiye atakayekata tiketi.

Mdogo wako,
Turkiya


Chumbageni
2 Februari 2025

Turkiya,

Salamu. Mafuta yamefika. Wafa anasema yananuka lakini anatembea mpaka Ngamiani na kurudi, kwa hiyo yanuke tu. Mvua hakuna. Mtoto wa jirani amejifungua mapacha, na baba yao amekuja kwangu kuomba baiskeli ya viti viwili. Nitamtengenezea. Tanga nzima hii hakuna mwingine awezaye.

Sasa kaa nikusemeshe. Wewe nimekulea mimi baada ya mama. Nilikutuma duka la kona ukaleta chumvi kutoka duka jingine kabisa, kwa sababu hukujua kulia na kushoto. Siku uliyoolewa ulitokea mlango wa jikoni. Leo unaniandikia "inakata kusini kidogo." Leo unajua upepo wa nyuma. Hayo maneno si yako. Kuna mtu anakusemea sikioni. Nani huyo?

Na usinifundishe ndege. Ndege naijua. Mwaka themanini na tatu tairi ilipasuka hapa uwanjani kwetu, mafundi wote wameshika viuno, ikabidi aitwe Nabhan. Nikaja na kopo langu la gundi na msasa. Nikaziba. Rubani, mtu mrefu, akaniambia, "Fundi, bila wewe tungelala hapa." Sasa mtu kama huyo utamtajia dakika?

Ninachokikataa ni dharau. Wanapima watu kwenye mizani kabla ya kupanda. Unasimama pale mbele za watu kama gunia la nazi, mkoba mkononi, na mwenye mizani anataja kilo zako kwa sauti wasikie mpaka wauza maji. Mimi sijapimwa tangu nizaliwe na sitaki kuanza sasa.

Jibu nililokuuliza.

Nabhan


Chake Chake
8 Februari 2025

Kaka Nabhan,

Shikamoo. Mungu awakuze mapacha. Huku mvua imenyesha mara moja ikatubu.

Umenikamata. Nimecheka peke yangu mpaka nikaona haya, kisha nikaona haya kweli. Ninayoyaandika hapa nilitaka kukwambia uso kwa uso, nimekutilia chai, nikiangalia birika badala ya kukuangalia wewe.

Nimeposwa, kaka. Na nimekubali. Anaitwa Mwinyijuma. Miaka thelathini alifanya kazi uwanja wa ndege hapa, akisimama chini ya ngazi na orodha mkononi akipokea abiria. Sasa amestaafu, lakini kila asubuhi yuko pale pale, hawezi kukaa nyumbani ndege ikilia. Ndiye anayezipokea barua zako kwa abiria na kuniletea mlangoni, na hakai ndani, hukaa barazani nikisoma. Kilomita na upepo vyote ni vyake. Mimi bado sijui kulia na kushoto.

Najua utasema mjane wa miaka yangu anatafuta nini. Natafuta mtu wa kumwambia kuku kapotea.

Na wewe unajua sheria kuliko mimi. Hata mjane haolewi bila mwenye kumwozesha. Baba hayupo, babu hayupo, kaka mwengine hatukuzaliwa naye. Taimur ni mwanangu lakini si mwenye kuniozesha. Walii wangu ni wewe tu. Ndiyo maana nikasema usikose.

Na mimi nina langu la kukuuliza. Hadithi yako ya tairi ni ya mwaka themanini na tatu. Mizani hii ya kupima watu, na mtu kutaja kilo kwa sauti, hata mkoba mkononi, umeiona lini?

Turkiya


Chumbageni
20 Februari 2025

Kwa Turkiya,

Salamu kama kawaida. Wafa mzima. Mbuzi mmoja amekula barua ya bili ya maji, amefanya vizuri.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili na miwani.

Sikatai heri. Lakini mimi ni mkubwa, lazima niulize. Huyo Mwinyijuma ni wa nani? Mtu wa kushika orodha uwanjani. Baba yetu alikuwa na minazi mia tatu upande wa Pangani na farasi mmoja. Kuna kitu kinaitwa kufu, mtu aoe penye kimo chake. Nimemwuliza Wafa, akasema, "Kimo gani, na wewe ulipokuja kuniposa kwetu ulikuwa na gundi mpaka kwenye nyusi?" Huyu mwanamke hana adabu tangu aanze kutembea.

Hata hivyo mimi si mtu mgumu. Nimekwenda kwa shekhe wa msikiti wetu. Amesema walii akiwa mbali anaweza kumweka mwingine awe wakili wake kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili. Basi nimeandika. Karatasi iko humu ndani, Hosea ametafuta mashahidi msikitini na mimi nimetia saini, saini yangu ile ya mkia mrefu. Kadhi wenu huko akuozeshe kwa niaba yangu. Kwa hiyo hakuna haja ya mimi kuja na jambo limekwisha.

Mengine uliyoyauliza si muhimu.

Nabhan


Chake Chake
27 Februari 2025

Kaka yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema, imebaki siku mbili tatu. Kuku mwekundu amerudi na vifaranga sita. Sikumwuliza alikuwa wapi.

Karatasi yako hii hapa, nairudisha. Kadhi kaisoma akasema ni sahihi, inatosha. Mimi ndiye niliyesema haitoshi. Niliolewa mara ya kwanza umenishika mkono wewe. Mara ya pili nishikwe mkono na bahasha?

Minazi mia tatu iliuzwa kabla sijaota meno, na farasi alikufa kwa uzee. Tumelelewa kwa pancha, kaka, mimi na wewe, na sijaona haya nazo hata siku moja. Mwinyijuma hajauliza farasi.

Nikah nimeiweka Ijumaa, tarehe 25 Aprili, baada ya sala. Mkeka utatandikwa na mahali pako patakuwa pamewekwa mto. Pasipokaa mtu pale, hapasomwi kitu. Nitawapa watu pilau yao warudi kwao, na Mwinyijuma nimeshamwambia. Sikutishi. Nimekaa na kuku miaka kumi na moja, naweza kuendelea. Lakini sitaki kuendelea.

Juu ya mizani sikuulizi tena. Barua zako zimeshapanda ndege mara tatu, na bado hazijaogopa.

Humu ndani kuna bahasha ndogo ya Mwinyijuma kwako. Kaiziba kwa gundi pande zote. Sikuisoma. Tiketi aliyokukatia Taimur nimekufungia pia.

Turkiya


Chumbageni
12 Aprili 2025

Mdogo wangu Turkiya,

Nimechelewa. Ramadhani ilikuwa na joto, kisha Idi ikawa na wageni, kisha nikawa naweka kalamu chini. Wafa mzima. Mapacha wameanza kucheka. Baiskeli ya viti viwili imekamilika, na nimeijaribu mwenyewe kwa kubeba magunia mawili ya mchele mpaka stendi.

Nakuandikia maneno ya bwana huyo, kwa sababu wewe hukuyasoma na yeye hatakwambia. Ameandika hivi:

"Shekhe Nabhan, assalamu alaykum. Hatujuani kwa sura. Siku ya hitima ya marehemu, mwaka 2014, nilikuwa na orodha chini ya ngazi. Jina lako lilikuwa la sita. Walishuka watu, wa sita hakushuka. Niliwauliza wa Tanga kwa redio, wakaniambia alipimwa, akaanza kupanda ngazi, akarudi chini. Orodha ile ilitakiwa nimpe bosi. Niliikunja nikatia mfukoni, nikampa nakala isiyo na maelezo. Turkiya hajui, na kwangu hatajua. Kiti cha nyuma ya rubani, upande wa kulia, hutikisika kidogo kuliko vingine. Nitakuwepo."

Basi. Sasa umejua, na umejua kwangu.

Nafasi hazikujaa, Turkiya. Nilikuwa na tiketi mfukoni na kanzu mpya. Walinipima kweli, nikasema hewala. Nikatembea mpaka kwenye ndege. Nikapanda vidato vitatu vya ngazi, nikaangalia ndani, nikaona viti vimebanana kama meno ya kitana, na miguu ikageuka yenyewe. Mimi nilikuwa sijaamua, miguu ndiyo iliamua. Hosea akanichukua kwenye bajaji, akanizungusha mji mara mbili ili Wafa asinione nimerudi mapema mno. Hajasema neno mpaka leo, na yeye ni mtu wa kusema.

Wewe ulikuwa unalia kule, na mimi nilikuwa nazunguka barabara ya kumi na mbili nikiangalia maduka.

Na tairi ya mwaka themanini na tatu nayo niimalize. Ilikuwa ya mkokoteni wa mizigo. Rubani kweli alikuwa mrefu.

Juu ya kufu. Nimefikiri mwezi mzima na njaa. Huyo mtu alikuwa hanijui, hana udugu na mimi, na angeweza kukitumia kisa changu kuchekesha baraza zote za Chake kwa miaka kumi na moja. Barua zangu zote zimepita mkononi mwake na hakufungua hata moja. Angetaka kukupata haraka angekwambia, "Kaka yako mwoga, tumia karatasi." Hakusema. Nimemkubali. Hilo andika mahali. Nimemkubali hata nisipokuja.

Kuja au kutokuja usiniulize. Ukiniuliza nitasema ndiyo, na nikisema ndiyo nitaanza kufikiri.

Nabhan


Ndani ya ndege
24 Aprili 2025

Turkiya,

Naandika juu ya goti. Herufi zikilala chali leo nina sababu. Barua hii hatumbebeshi mtu.

Wazima wote. Wafa amenisindikiza mpaka uwanjani, kwa bajaji ya Hosea. Njiani nikasema nimesahau miwani. Hosea akasema, "Mzee, imo usoni." Nikasema nimesahau zawadi. Wafa akaitoa kwenye mkoba wake. Nilitaka kumletea Mwinyijuma baiskeli nzima, wakasema mizigo mwisho kilo kumi na tano. Nimemletea kengele. Ni ya shaba, ya Kiingereza, nimeing'arisha kwa majivu na ndimu, inasikika kutoka Chumbageni mpaka sokoni.

Wamenipima. Kilo hamsini na saba na viatu. Jamaa hakuzitaja kwa sauti, aliandika tu. Pengine hata ile mara ya kwanza hakuzitaja, nilisikia mimi.

Ngazi ina vidato vinne, Turkiya. Vinne tu. Nimevihesabu leo. Ile siku nilikuwa nimebakiza kimoja.

Nimekaa nyuma ya rubani upande wa kulia, kama nilivyoelekezwa. Rubani ni binti, ana umri wa wajukuu. Nikamwambia tairi la kushoto limepungua upepo kidogo. Akashuka akalikagua, akarudi akasema lipo sawa, mzee. Nikamwambia afadhali umeangalia.

Tumeondoka saa tatu na dakika kumi na moja kwa saa ya Wafa, kanifunga mkononi mwenyewe.

Dakika ya pili. Nimefumba macho, mstari huu nauandika kwa kukisia.

Dakika ya tano. Nimefumbua moja. Tanga iko chini, ndogo, ningeweza kuikunja nikaitia mfukoni.

Dakika ya tisa. Wingu. Ndege imeruka kama baiskeli kwenye shimo la barabara ya Maramba. Mama wa kiti cha pili amenishika mkono. Nimemwambia asiogope, mimi ni mzoefu. Amenishukuru. Sijamwachia mkono, naandika kwa huu mwingine.

Dakika ya kumi na tatu. Maji tu. Hapa ndipo pa kushuka hakuna, kama nilivyokwambia. Lakini nimeangalia, na hakuna mtu anayetaka kushuka.

Dakika ya kumi na saba. Nimekuwa nikifikiria ulipokuwa mdogo, nikikubeba mbele kwenye bomba la baiskeli na wewe ukipiga kengele kila mita, hata penye watu hakuna. Ulikuwa huogopi mteremko. Mimi nilikuwa naogopa, nilikuwa nashika breki zote mbili na kukuambia tunakwenda kasi.

Dakika ya ishirini. Hatujafika. Nilijua.

Pemba naiona. Ni kijani mpaka inatia njaa. Tunashuka, masikio yameziba, sasa ndani ya mtungi niko mimi.

Tumegusa. Tumeruka kidogo, tumegusa tena. Mama huyu ananiombea dua.

Nakuona. Umevaa buibui na kiatu kimoja umekosea mguu, au ni dirisha. Pembeni yako yupo mtu mwenye kanzu, amesimama chini ya mahali patakapowekwa ngazi, na mkononi ana karatasi kuukuu iliyokunjwa, na kalamu.

Saa inasema saa tatu na dakika thelathini na nne. Ni dakika ishirini na tatu. Wewe uliandika ishirini.

Nilikwambia ni mbali.

Walii wako,
Nabhan